Mke wa Kusingizia

Basi la Mombo lilifunga breki ghafla stendi ya Soni, tenga la Jesca likapinduka, plamu zikatawanyika barabarani. Kijana mrefu mwenye shati la mistari akainama kuokota, moja akaitia mdomoni.

"Hiyo utalipa!" Jesca alifoka.

"Nitalipa kwa kukubebea tenga, mrembo."

Alilibeba mpaka sokoni, na kesho yake akaja tena. Alikuwa Lusajo, mtu wa Tukuyu. Shamba la chai lilipouzwa alipunguzwa kazi, sasa anashona viatu na amepanga chumba kwa Mzee Saidi mwenye duka. Jesca alipenda. Alipenda mpaka akawa anawahesabia wasichana viatu wanavyomletea.

Siku moja alimpelekea makande. Mlangoni akamkuta mwanamke wa gauni la kitenge, viatu virefu, anamkabidhi Mzee Saidi pesa.

"Shikamoo mzee," Jesca alisema mwanamke alipoondoka. "Yule nani?"

"Marahaba. Humjui? Mke wa Lusajo. Yuko kazini Lushoto, kodi analipa yeye."

Makande Jesca alikula mwenyewe, njiani, huku analia.

Lusajo alipomfuata sokoni, hakumtazama. "Nenda kwa viatu virefu vyako."

"Jesca, si mke wangu yule." Akaangaza huku na huku. "Nitakueleza, lakini si hapa."

"Nieleze mbele ya Mzee Saidi."

"Nikisema mbele yake, nalala nje."

"Basi lala nje!"

Mwezi ulipoisha Jesca alikaa kizingitini kwa Lusajo, khanga kaifunga kiunoni. Yule mwanamke akaja na kodi, Lusajo na Mzee Saidi wakatoka kumpokea.

"Dada, huyu mume ni wa nani?"

"Mume gani?" mwanamke alishangaa.

Lusajo alimtazama Jesca, akamtazama Mzee Saidi, akavua kofia. "Mzee, nisamehe. Huyu ni Tabitha, wa misheni. Misheni ndiyo inayotulipia kodi sisi tuliopunguzwa. Soni nzima wenye nyumba walinikataa, ndiyo nikakudanganya ni mke wangu."

"Toa vyombo vyako!" Mzee Saidi aliruka. "Watu wa msaada siwataki. Msaada ukikatika, nitamdai nani?"

"Mzee, barazani hukuja?" Tabitha alisema taratibu. "Diwani katusomea sheria ndogo mpya. Huruhusiwi kumkataa mpangaji kwa kuwa analipiwa. Ukimtoa, ni faini."

"Sheria mpaka chumbani kwangu!" Mzee alinung'unika, lakini mkono akaunyoosha, kodi akapokea, akaingia ndani.

Jesca alikuwa bado anaviangalia vile viatu virefu.

"Kumbe nimenuna bure."

"Bure wapi, nami nimekonda hivi? Ningelala nje kweli kwa ajili yako." Lusajo alimshika mkono. "Nitume washenga kwenu Magamba?"

"Watume. Na dada Tabitha kodi akaitoe kule dukani kwa mzee. Mlangoni kwako asikanyage."

"Jesca! Sheria imesema nisikataliwe kwa kulipiwa."

"Hiyo imemfunga mwenye nyumba," Jesca alisema, akifungua khanga kiunoni. "Mwenye mume haijamgusa."