Simu Tatu za Baba Mdogo Majidi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Najiat alimpelekea bibi yake, Bibi Tatu, uji, akamsalimia, kisha akataniwa kidogo. Ndivyo walivyozoeana.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Uji huu umeupika au umeuokota?"

"Nimeupika. Kama huutaki nampa paka."

"Paka amekukosea nini? Lete hapa."

Najiat alikuwa darasa la sita. Nyumba yao ilikuwa moja ya zile nyumba za zamani za mjini Tabora, zenye kuta za udongo nene mpaka mtoto anaweza kujilaza dirishani na nafasi ikabaki. Baba yake, fundi seremala Abbasi, alipenda kusema kwamba waliozijenga walikuwa wanapokea misafara ya kutoka Ujiji, na walitaka joto lisiingie na siri isitoke.

Siri haikutoka kweli. Mwezi uliopita Bibi Tatu alianguka chumbani kwake saa tatu asubuhi. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mama alikuwa sokoni anauza asali, Najiat alikuwa shuleni, na baba alikuwa karakana, nyuma kabisa ya ua, ananguruma na randa yake ya umeme. Najiat ndiye aliyemkuta saa saba mchana, bado yuko sakafuni, shavu limelala kwenye mkeka.

Tangu siku hiyo mama hakwenda sokoni. Alibaki nyumbani kumchunga bibi, na bibi alichukia kuchungwa.

"Mnanitazama kama maziwa jikoni," alilalamika. "Hata kukohoa siwezi bila mtu kuchungulia."

Walijaribu kumpa simu ya kawaida. Ndani ya kuta zile mtandao ulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na macho ya bibi hayakuona vitufe kwenye kioo. Siku moja alimpigia mtu asiyemjua huko Urambo, wakaongea habari za tumbaku mpaka vocha ikaisha.

Basi Jumamosi moja akafika baba mdogo Majidi, mfanyabiashara wa mpunga kutoka Igunga, na boksi kwapani. Majidi alikuwa mtu mzuri, ila alikuwa na sauti ya kuita basi lililokwishaondoka. Aliwakusanya ndugu na majirani barazani, akafungua boksi mbele yao.

"Tazameni. Simu ya nyumbani isiyo na waya. Hiki kitako kinachomekwa kwenye umeme. Hizi tatu ndogo mnabeba mnakotaka. Moja kwa mama, moja karakana, moja jikoni. Haitumii vocha. Mama anabonyeza hapa pekundu, karakana inaita. Bei yenyewe ya kawaida tu, lakini mambo yake si ya kawaida."

Watu wakasifu. Mama yake Najiat akavuta pumzi ndefu. "Basi Jumatatu narudi sokoni," alisema, na uso wake wote ukang'aa.

Ikaja zamu ya kujaribu. Kitako kikachomekwa sebuleni. Najiat akapeleka simu moja chumbani, akamwekea bibi sikioni. Chumba kile kilikuwa mbele ya nyumba, na dirisha lake lilitazama baraza. Majidi akasimama barazani, nje ya ukuta ule mnene, hatua nne kutoka dirishani, akabonyeza, akajaza mapafu.

"HALO, MAMA! UNANISIKIA?"

Kuku wakatawanyika.

"Nakusikia, mwanangu! Vizuri kabisa!" bibi akajibu.

Vigelegele vikapigwa. Lakini Najiat alikuwa anaitazama simu. Haikuita. Taa yake ndogo haikuwaka. Aliichukua akaiweka sikioni mwake: kimya kama jiwe. Sauti ya baba mdogo ilikuwa inaingia dirishani, nzima nzima.

Akatoka barazani. "Baba mdogo, haijafanya kazi. Bibi amekusikia kwa dirisha."

Vigelegele vikakatika. Katika ukoo ule zawadi ilipokelewa kwa mikono miwili na sifa nyingi. Hata ukiletewa kanga iliyotoboka, uliisifu mpaka mletaji apande basi. Mama akamfinya Najiat mkono.

"Mama!" Majidi akaita kupitia dirishani. "Hukunisikia kwenye simu?"

Kisha sauti ya bibi: "Nilikusikia, baba. Nilikusikia."

"Umesikia?" Majidi akamgeukia Najiat. "Mtoto wa juzi unaniumbua mbele za watu. Omba radhi."

"Siombi."

"Najiat!" mama akashtuka.

"Siombi, mama. Wewe Jumatatu unakwenda sokoni. Bibi akianguka atamwita nani? Dirisha?"

Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Baba, nywele zimejaa unga wa mbao, akamtazama bintiye. "Ingia ndani," alisema tu.

Najiat aliingia. Alipopita chumbani kwa bibi alisimama mlangoni. Bibi hakumtazama. Alikuwa anakunja pindo la kanga yake, analikunjua, analikunja tena. Hilo ndilo lililomuuma Najiat kuliko kufinywa.

Kesho yake Levina, rafiki yake wa nyumba ya pili, alirudi kutoka kanisani akamkuta Najiat ameshika simu mbili na daftari.

"Wamekusamehe?" Levina akauliza.

"Bado. Na mimi bado sijawasamehe. Njoo tukague hii simu."

"Tutakaguaje? Bibi atasema anasikia hata kama hasikii."

Najiat alikuwa amelifikiria hilo usiku kucha. "Tutanong'ona. Tena tutanong'ona maneno ambayo bibi hawezi kuyanyamazia."

Walimwekea bibi simu sikioni, akakubali kwa kununa. Wakaenda sebuleni, wakafunga mlango. Najiat akabonyeza, akanong'ona: "Bibi Tatu ana ndevu."

"Ndevu za babu yako!" simu ikafoka.

Levina akaandika: *Sebuleni, inafika.* Wakaenda mlango wa jikoni. "Bibi anakoroma kama treni ya Mpanda." Matusi yakarudi, yamekatikakatika, lakini yakarudi. Levina akaandika: *Jikoni, inakwaruza.* Wakaingia karakana, kuta mbili nene nyuma yao. Najiat akakusanya ujasiri wote. "Mchuzi wa bibi unafaa kuoshea sufuria."

Kimya. Walingoja. Bibi aliyesikia maneno yale asingenyamaza hata akiwa amelala.

Levina akaandika: *Karakana, haifiki.* Kisha wakarudi sebuleni, wakachomoa kitako kwenye umeme. Simu zote tatu zikafa papo hapo.

"Mnachezea simu yangu?" Baba mdogo Majidi, aliyelala kwao usiku ule, alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Levina akaficha daftari nyuma. Najiat akalichukua, akalifungua.

"Hatuchezi. Tunaikagua. Shika hii, baba mdogo. Nenda karakana umwite mama yako. Ila kwa sauti ya chini, kama wewe ndiye uliyeanguka."

Majidi alitaka kugomba. Lakini maneno yale ya mwisho yalimgusa. Akaichukua simu, akachomeka kitako mwenyewe, akaenda. Baba alikuwa karakana anapanga mbao.

"Mama," Majidi alisema polepole kwenye simu. "Mama, ni mimi." Akabonyeza tena. "Mama. Mama!" Sauti ikaanza kupanda. "MAMA!"

"Mimi nakusikia," baba alisema. "Yeye je?"

Majidi akateremsha simu. Wote wakaenda chumbani. Bibi alikuwa amekaa kitandani, simu iko mapajani, inamtazama naye anaitazama.

"Mama, nimekuita mara tano."

Bibi akavuta kanga yake. "Hata jana sikukusikia humu, Majidi. Mtoto alisema kweli. Ulitoka Igunga na boksi lako, watu wamejaa barazani, nikaona haya. Nikaona heri nije nianguke tena kuliko kukuaibisha mwanangu." Akamgeukia Najiat. "Nikakuacha ukafokewa peke yako, mke mwenzangu. Nisamehe."

Najiat akakaa kitandani pembeni yake.

Sauti ya Majidi ilikuwa imeshuka, na huo ulikuwa muujiza. Akasema, "Hilo daftari. Nionyeshe inapoishia."

Mchana ule nyumba nzima ilifanya kazi. Baba alivuta waya mpaka dirisha la jikoni, linalotazama ua, kitako kikahamia huko. Najiat akanong'ona tena kutoka karakana habari ya mchuzi, na safari hii simu ilimjibu mpaka akaitenga na sikio. Kisha akasisitiza randa iwashwe. Simu ilipokuwa juu ya benchi, baba hakuisikia ikiita. Ilipokuwa kwenye mfuko wa shati, aliisikia. Basi mahali pake pakawa mfukoni.

"Na umeme ukikatika?" mama akauliza.

"Simu inakufa," Najiat alisema. "Lakini na randa ya baba inakufa. Baba aje akae barazani, bibi apige kelele."

"Kelele ninazo," bibi akasema.

Jioni, Majidi alipokuwa anafunga mzigo wake, akageuka. "Haya, na radhi yangu je? Bado nadai."

Najiat akakaza midomo. Mama akamtazama baba. Baba akakung'uta unga wa mbao mikononi kabla ya kusema.

"Najiat, ulimkatiza mkubwa mbele ya wageni. Ungeweza kumwita pembeni. Kwa hilo omba radhi. Kwa ulichokisema, usiombe, hata nikikuamuru mimi. Sisi sote jana tulikuwa na adabu, na adabu yetu ingemlaza bibi yako sakafuni tena. Kitu kitakachobeba uhai wa mtu hakisifiwi kwa kumfurahisha aliyekileta. Kinajaribiwa, na aliyekijaribu anasema alichokiona."

Najiat akapiga goti kidogo. "Nisamehe, baba mdogo, kwa kukukatiza. Ila haikufanya kazi."

"Haikufanya," Majidi akakiri, akacheka kwa ile sauti yake, kuku wakakimbia tena.

Jumatatu mama alijitwika ndoo yake ya asali, akaenda sokoni. Najiat alipotoka kwenda shule, bibi alimwomba jambo moja tu: amfungie mlango wa chumba, akae peke yake.