Ya Kwanza au ya Pili

Soko la vitambaa lilikuwa limefurika, hapana hata pa kuweka mguu, na katikati ya zogo lile mwanamume mmoja mzima alikuwa anapuliza vitambaa. Si utani. Shati jeupe limenyooka kwa pasi, miwani inametameta puani, na mdomoni ameibana ncha ya kitambaa cha kijivu, anapuliza. Akatikisa kichwa. Akachukua cha kahawia, akakipuliza nacho.

Fundi makochi alikuwa meza ya pili, amekuja kununua bidhaa za karakana. Siku hiyo alipendeza kweli: gauni la maua ya njano, kilemba kimekaa upande, hereni ndefu, na tepu ya kupimia shingoni maana aliisahau hapo tangu asubuhi. Alivumilia kitambaa cha kwanza na cha pili. Cha tatu kilimshinda.

"Kaka, samahani. Hicho ni kitambaa au chai ya moto?"

Mwanamume akakitoa mdomoni haraka. "Natafuta kinachopitisha pumzi, dada. Kikipitisha pumzi, kinapitisha na sauti. Ni cha kufunika spika."

"Si zinauzwa madukani zimeshavaa?"

"Zangu naunda mwenyewe, za sinema ya pale nyumbani. Mpaka sasa ziko uchi."

Fundi akacheka bila kutaka. "Basi zisitiri bila kulowesha mali ya watu kwa mate. Njoo huku." Akamvuta hadi kwenye robota la kitambaa cheusi, chepesi, kile anachopigilia chini ya makochi mahali wageni wasipoona. Akakinyoosha mbele ya uso wake mwenyewe. "Haya, puliza."

Akapuliza. Pumzi ikapita moja kwa moja, hereni ya fundi ikacheza. Wakatazamana kupitia kitambaa, na wote wawili wakasahau kidogo wamefuata nini pale.

"Nipe namba yako," alisema mwanamume. "Kwa ajili ya kitambaa tu."

"Kwa ajili ya kitambaa tu," fundi alijibu, akamtajia huku anatazama pembeni.

Kumbe alikuwa mpima macho. Kutwa anawakalisha watu kitini, anawabadilishia lenzi, anawauliza: ya kwanza au ya pili? Ya kwanza au ya pili? Fundi alimbandika jina la Mpulizaji, na simu zikaanza.

"Mpulizaji, umekula?"

"Nimekula, roho yangu. Wewe je, umekula au umemeza pini?"

"Leo nimemeza mbili. Njoo unipulize."

"Nikija huko, kochi la mteja halitakwisha."

"Nani kakwambia nataka liishe?"

Mama mdogo wa fundi, mwenye karakana, alikuwa anazisikia zote kutoka upande wa pili wa sponji. "Mwanangu," alisema, "hicho kitambaa mbona kina maneno mengi?"

Jumamosi moja fundi alikwenda kwa mpima macho kuzivalisha spika. Zilikuwa mbili, zimesimama sebuleni, zinamfika kiunoni, za plaiwudi iliyopigwa msasa mpaka unaona haya kuigusa. Upande mmoja kiti kimoja, ukutani televisheni, sakafuni nyaya.

"Kwa nini lakini usinunue tu?" fundi aliuliza.

"Nataka mtu akinong'ona kwenye filamu, nimsikie ananong'ona hapa." Alionyesha katikati ya spika mbili, pale ambapo hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta. "Spika zikiwa nzuri, sauti hutoka pasipokuwa na spika. Utaona. Kwa Bonge tutazilinganisha na zake, na jaji ni wewe."

Bonge alikuwa rafiki yake tangu utotoni, naye muundaji wa spika, naye mshindani wake. Fundi alikuwa ameshawashonea pazia la kuficha spika siku ya kulinganisha, ili masikio yasidanganywe na macho.

Mpima macho akaenda jikoni kuchemsha chai. Fundi akaweka ngozi bandia ubavuni mwa masanduku, akapiga pini, akakata mabaki. Alipofika mgongoni, akaona jambo likamkera. Kila sanduku lilikuwa na vishikizo viwili vya kukazia waya, kimoja na kifuniko chekundu, kingine cheusi. Chekundu kilikuwa kushoto kwenye sanduku hili, na kushoto vilevile kwenye lile. Sasa huyu naye! Pea ni pea. Mkono wa kulia wa kochi hutazamana na wa kushoto, ua likielekea huku na mwenzake huelekea kule. Fundi gani anaweka mikono miwili ya upande mmoja? Akafungua vile vifuniko viwili vya sanduku moja, akavibadilisha nafasi, akakaza. Vyekundu vyote vikakaa nje, vyeusi ndani. Akaridhika, akasahau, akaitwa kunywa chai.

Siku ya kulinganisha, sebule ya Bonge ilijaa wenzao wa spika, kila mmoja na neno lake. Pazia limeshuka. Mpima macho, shati jipya, alikuwa anajifuta jasho ingawa feni ilikuwa inazunguka. Fundi akakalishwa katikati.

"Jaji, ni tamko lako tu," alisema Bonge. "Hakuna kuoneana haya."

Wakaweka kipande cha filamu: mvua inanyesha, mume na mke wanagombana mlangoni. Kwanza zikalia spika za kwanza, kisha kipande kilekile kwa spika za pili. Fundi hakuhitaji kurudiwa. Zile za pili zilimweka mke na mume mbele yake, ungeweza kuwashika. Moyoni akasema, hizi ndizo za mtu wangu, si aliniambia sauti itatoka katikati? Basi akajaa ujasiri.

"Za kwanza mvua naisikia," akatangaza, "lakini watu siwaoni! Wanagombana wamejificha uvunguni! Sauti haina kwao, mara huku mara kule, besi yenyewe imekonda. Mwenye nazo asikate tamaa, anaweza kufugia kuku."

Sebule ikaangua kicheko. Bonge hakucheka. Akavuta pazia taratibu, na zile spika za kwanza zikaonekana zimevaa ngozi bandia na kitambaa cheusi, kile kile cha chini ya makochi, kimepigwa pini na mkono wa fundi mwenyewe.

"Asante, jaji," alisema mpima macho. Akachomoa flashi ndogo iliyokuwa pembeni ya amplifaya, akaitia mfukoni, akatoka. Fundi alimwita. Hakugeuka.

Simu zikakatika hivyo hivyo. Fundi akipiga, inaita mpaka inachoka. Akituma ujumbe, anajibiwa: niko kazini. Mpima macho gani huyo anayepima macho mpaka Jumapili? Alikasirika, akalia, akakasirika tena kwa sababu amelia. Alimpenda yule mwanaume, ndiyo habari yenyewe, na alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia.

"Umemwambia mtu kazi ya mikono yake ni banda la kuku," alisema mama mdogo, "halafu unasubiri akupigie?"

"Mama mdogo, sikujua ni zake!"

"Na ungejua, ungesema uongo?"

Fundi alijifuta machozi. Akashika bunduki yake ya pini, akarudi kwenye kochi.

Hapo ndipo Bonge alipoingia karakanani, uso umevimba kwa hasira.

"Shemeji, mtu wako ana wazimu! Amezichukua spika zake, amezikagua nyumbani, kisha kanipigia kunitukana. Eti nimemchezea! Eti zilipolala kwangu nilibadilisha vifuniko vya waya, chekundu nikaweka mahali pa cheusi ili nimwaibishe mbele yako. Mimi! Tumekua pamoja, tumevaa kaptula za pamoja!"

Bunduki ya pini ikanyamaza.

"Vifuniko vya rangi?" fundi aliuliza polepole. "Kwani vikibadilishwa inakuwaje?"

"Yeye si anafuata rangi? Anaunga waya kinyume bila kujua." Bonge akaweka viganja viwili juu ya kipande cha sponji. "Spika mbili zinatakiwa kusukuma hewa pamoja, hivi. Ukigeuza moja, hii ikisukuma, ile inavuta. Zinaharibiana. Sauti iliyotakiwa kukaa katikati inapotea, na besi inakwenda nayo."

Fundi akakaa juu ya kochi la mteja, jambo ambalo ni mwiko pale karakanani. Hakuna aliyemwona siku ile. Mwenye spika alikuwa jikoni, chai inachemka. Angeweza kunyamaza, na mambo yangebaki baina ya wanaume wawili, na pengine mpima macho angerudi mikononi mwake akiwa na hasira na mtu mwingine. Alimtazama Bonge, jitu zima lililokuwa karibu kulia kwa ajili ya rafiki.

"Shemeji, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilivibadilisha mimi. Vilikuwa upande mmoja. Nilitaka vitazamane, kama mikono ya kochi."

Bonge alimkodolea macho. Kisha tumbo likaanza kutikisika, na mara kicheko kikamtoka mpaka mama mdogo akaja kuchungulia. "Kama mikono ya kochi! Jamani!" Alijifuta machozi. "Mimi yangu yameisha. Lakini nenda leo leo, shemeji. Ile flashi aliyoitia mfukoni... basi, hilo si langu kusema."

Fundi hakubadilisha hata nguo. Alifika kwenye duka la miwani na nyuzi zimemganda kwenye sketi, akangoja zamu yake na wagonjwa wengine, akaingia chumba cha kupimia, akakaa kitini. Mpima macho alipomwona alisimama kama amesahau kazi yake.

"Macho yananisumbua," alisema fundi. "Nipime."

Alimvalisha fremu nzito, akaweka lenzi moja, akaweka nyingine. "Ya kwanza," aliuliza kwa sauti ya kazini, "au ya pili?"

"Ya pili. Na vifuniko nilivibadilisha mimi."

Mpima macho akarudi nyuma hatua moja.

"Bonge hakugusa kitu. Ulikuwa jikoni. Niliona vimekaa upande mmoja, nikavipanga vitazamane. Halafu nikakaa pale nikazitukana spika nilizoziharibu mwenyewe. Nisamehe, mpenzi wangu."

Mpima macho akavua miwani yake, akakaa kwenye kiti cha wasindikizaji wa wagonjwa. "Nimemtukana rafiki yangu," alisema. "Nimemwita msaliti."

"Ndiyo. Mpigie."

Akapiga pale pale. "Bonge, ni mimi, mjinga wako..." Hakumaliza, kicheko cha Bonge kilijaa chumba kizima bila amplifaya. Mpima macho akacheka naye, kisha akainama, mabega yakashuka.

"Sasa zamu yako," alisema fundi, fremu nzito bado iko usoni. "Mimi nimekiri langu. Na wewe je? Nimepiga simu mpaka vidole vimechoka. Nikisema ninachokisikia, ndiyo uninunie? Nikija kuishi na mtu wa hivyo nitakuwa naongea naye kwa kunyata?"

"Si spika zilizoniuma."

"Nini basi?"

"Kulikuwa na kitu nataka ukisikie baada ya mvua. Kwenye flashi. Halafu ukasema nifugie kuku." Alimtazama. "Nilikosea, kipenzi. Nilipaswa kubaki. Njoo jioni, tafadhali."

Jioni ile fundi alivaa lile gauni la maua ya njano, na hereni. Alipiga magoti nyuma ya sanduku, akarudisha vifuniko viwili mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Mpima macho akaunga waya, akachomeka flashi. Fundi akakaa kwenye kile kiti kimoja.

Sauti ikatoka katikati. Pale penye ukuta mtupu. Mpima macho alikuwa amesimama pale, ungeapa, ilhali mwenyewe amejibanza karibu na dirisha anatafuna kidole.

"Fundi," ilisema sauti. "Nimejifungia kabatini ili kelele za barabara zisiingie, kuna joto, kwa hiyo nitasema haraka. Nataka tuoane. Nataka nikirudi nikukute una nyuzi kwenye nywele. Nitakupimia macho mpaka uzeeke. Kama hukubali, usijisumbue, nyamaza tu. Nitawaambia watu spika ziligoma."

Ikaisha. Fundi akanyamaza. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

Mpima macho alingoja. Akangoja tena. Kisha akainama polepole, akaanza kuchomoa waya.

"Wewe!" fundi alipata sauti. "Achana na hizo waya!"

"Umenyamaza."

"Nalia, nitasemaje? Kaa hapo, simama, hapo katikati." Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Jaji hatoi tamko kwa kusikia moja tu. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Sasa nafumba macho, lete ya pili."

Akafumba. Akasikia hatua zinakuja, zikasimama mbele yake, kati ya masanduku mawili. Mpima macho alimwita kwa jina lake, si Fundi, jina lake la nyumbani ambalo hakuwahi kulitumia. Sauti ilikwama. Akakohoa, akaanza upya. "Nataka tuoane," alisema, na hapo maneno mengine yote aliyokuwa ameyapanga yakamkimbia. Akabaki anapumua.

"Basi?" fundi aliuliza, macho yamefumbwa.

"Basi. Ndiyo yote." Kisha, kwa mazoea ya kazi, kwa woga, akauliza: "Ya kwanza au ya pili?"

Fundi akanyoosha mikono mbele mpaka ikagusa shati.

"Ya pili," alisema. "Inakwaruza, na besi haina. Lakini ndiyo nitakayoishi nayo."