Mabehewa Kumi na Moja ya Clifford

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2013, saa kumi na dakika ishirini jioni, Alwyn Garside alibisha hodi kwenye nyumba ya marehemu kaka yake. Alikuwa hajafika hapo kwa miaka ishirini na miwili.

Giza lilikuwa limeshaingia, kama ilivyo kawaida ya Novemba pale Skelby, kaskazini mwa Uingereza. Shemeji yake, Noreen, hakumkaribisha ndani. Alimkabidhi boksi mlangoni. Ndani mlikuwa na treni ndogo ya umeme ambayo Alwyn na kaka yake walinunuliwa na baba yao utotoni: kichwa chenye umbo la injini ya mvuke na mabehewa kumi na moja ya kubebea mawe. Kichwa kilikuwa kimekufa. Noreen alitaka kitembee kabla ya Jumamosi ya wiki iliyofuata, siku ambayo chama cha mafundi wa treni ndogo kingemkumbuka Clifford, aliyefariki Septemba kwa ugonjwa wa mapafu. Chama kilikuwa na desturi yake. Mwanachama akifa, treni yake huzungushwa mara moja mbele ya wote, kisha ndugu wa karibu husimama na kusema neno.

"Ndugu wa karibu ni wewe," Noreen alisema. "Sitaki hotuba. Nataka sentensi moja tu, shemeji. Unaijua."

Alwyn aliijua.

Mwaka 1991 ndugu hao walikuwa wakifanya kazi pamoja kwenye reli ya machimbo ya mawe. Adhuhuri moja, mabehewa kumi na moja yaliyojaa mawe yaliteremka yenyewe na kumuua kibarua wa njia ya reli, Terence Peat, au Terry, kijana wa miaka ishirini na mitatu. Kufunga breki za mkono ilikuwa kazi ya Alwyn. Siku ile mvua ilikuwa ikinyesha. Hakufunga hata moja. Alikwenda kunywa chai. Mbele ya wachunguzi aliapa kwamba alizifunga zote, na kwamba alimwona kaka yake akizifungua. Clifford alifukuzwa kazi. Akikaa baa, watu wote walikuwa wakihamia upande wa pili. Mama yake Peat alimtemea mate sokoni, na Clifford akajifuta na kuendelea kununua viazi.

Sentensi ambayo Noreen aliitaka ilikuwa hii: mimi ndiye sikufunga breki.

Alwyn alibeba boksi akaondoka. Alikuwa ameamua kutoisema. Aliyekuwa akijua ukweli kwa macho yake alikuwa ameshakufa.

Banda lake lilikuwa nyuma ya nyumba. Alifanya kazi kila jioni. Alifungua kichwa, akasafisha mota kwa spiriti, akabadilisha sumaku iliyochoka na magurudumu yaliyolika. Ndani ya bomba la mvuke alipachika kipande cha madini ya risasi ili kichwa kiwe kizito na kivute vizuri. Mabehewa nayo yalihitaji kuboreshwa. Mikono ya breki ilikuwa vinundu tu vya plastiki ubavuni. Alivikata vyote, akakunja waya mwembamba na kutengeneza mikono kumi na moja mipya, kila mmoja kama nusu ya njiti ya kiberiti. Akaigandisha kwa gundi kali ikiwa imeshuka, jinsi inavyokuwa breki ikifungwa.

Yote kumi na moja. Hakuruka hata moja.

Jumatatu alifika kwenye hatua ya mwisho, kuyachafua. Behewa la mawe likiwa safi huonekana la kitoto. Mafundi hulipaka vumbi ili lifanane na lililofanya kazi. Chini ya boksi alikuta kopo la tumbaku. Juu yake, kwa mwandiko wa Clifford, palikuwa pameandikwa: "Vumbi la mabehewa." Vumbi lilikuwa la kijivu, laini, lenye punje ngumu chache. Rangi ilikuwa ileile ya mawe ya machimbo. Alwyn alifurahi. Alichovya brashi, akapaka, akailamba ncha ili ichongoke, akachovya tena. Alikuwa akilamba brashi hivyo tangu ana miaka sita.

Ilikuwa na ladha ya chumvi. Hakujali.

Jumatano, saa kumi na moja jioni, aliyapanga mabehewa kwenye reli iliyonyooka juu ya meza, bila kichwa, ili ayatazame. Akakaa kwenye kiti upande wa dirishani na kufungua chupa ya chai.

Tik.

Behewa la mbele lilikuwa limegusa kizuizi cha mwisho wa reli, upande aliokaa. Akayarudisha yote katikati. Akaweka pimamaji mezani. Kiputo kilikaa katikati kabisa. Meza haikuwa na mteremko.

Tik... tik... tik...

Yalikuja tena. Polepole, moja nyuma ya jingine, mpaka yakagongana mbele ya kifua chake.

Alwyn alisimama. Alibeba kiti, akazunguka meza, akakaa upande wa mlangoni. Alingoja. Aliweza kusikia mvua juu ya bati.

Mabehewa yalisita.

Kisha yakageuza mwelekeo na kumfuata.

Harufu ilikuja baadaye. Chuma cha breki kilichopata moto. Koti la sufu lililolowa. Na kikohozi... kirefu, cha mtu ambaye mapafu yake yamejaa vumbi la mawe. Alwyn alitazama mlango. Palikuwa hapana mtu. Alipokohoa tena ndipo alipojua kwamba kikohozi kilikuwa kikitoka kwake.

Akawasha taa kubwa na kuinama. Mikono ya breki, ile ya waya, iliyogandishwa kwa gundi, ilikuwa imenyanyuka juu.

Yote kumi na moja.

Alimpigia simu Noreen. Aliuliza lile kopo lilikuwa na nini.

"Ulipaka kwa brashi?" Noreen aliuliza.

"Ndiyo."

"Ukailamba."

Alwyn alijifuta midomo kwa kiganja.

"Alisema utailamba. Kopo alilitayarisha mwenyewe akiwa hospitali, akaandika na maneno. Kazi yangu ilikuwa kulijaza majivu tu wakishamchoma mwili."

"Noreen, wewe ni mchawi."

"Mimi ni mjane, shemeji. Mume wangu alitaka vijiko viwili na nikampa. Mengine sikumuuliza." "Alisema miaka yote alikungojea nje, hukufungua. Basi ataingia."

Usiku ule Alwyn alisukutua mdomo kwa chumvi, kwa siki, mwisho kwa ile spiriti ya kusafishia mota. Alijitapisha. Kikohozi hakikwisha.

Jumamosi ukumbi wa chama ulijaa. Kulikuwa na chai, sandwichi za mayai na keki ya zabibu. Mwenyekiti, Basil Ormerod, alimtania Alwyn kwamba amekonda kiasi cha kuingia kwenye kichwa cha treni na kukiendesha mwenyewe. Treni ilizunguka mara moja, vizuri, bila kukwama. Watu walipiga makofi. Kisha Alwyn akasimama.

Mfukoni alikuwa na karatasi. Ilisema Clifford alikuwa fundi hodari na mtu wa subira. Basi. Aliikunjua, akafungua mdomo.

"Breki hazikufungwa," sauti iliyotoka kinywani mwake ilisema. "Hata moja. Alwyn alikuwa anakunywa chai. Nilimwona kupitia dirisha, na Terry Peat alikuwa bado mzima."

Basil alieleza baadaye kwamba aliweka kikombe chini kwa sababu aliitambua ile sauti. Ilikuwa nzito, ya pua kidogo, yenye kikohozi katikati ya maneno. Alikuwa ameisikia chamani kila Jumanne kwa miaka kumi na tisa.

Alwyn alibaki amesimama, karatasi mkononi, jasho likimtoka. Watu walimtazama Noreen. Alikuwa ameketi mstari wa mbele na alikuwa halii. Aliinuka, akamkaribia mpaka akaweza kuongea kwa kunong'ona, ingawa waliokaa karibu walisikia.

"Huyo alikuwa mume wangu," alisema. "Aliyasema hayo miaka ishirini na miwili, hakuna aliyemwamini. Wewe bado hujasema."

Akachukua koti lake akatoka.

Hakuna aliyejua la kufanya. Wengine walisema Alwyn ameiga sauti, kwamba ni majuto ya mzee. Wengine walitaka mambo ya 1991 yaachwe yalipo. Basil alimuuliza moja kwa moja: ni kweli? Alwyn alisogeza midomo. Haikutoka sauti yake wala ya kaka yake.

Jumatatu, tarehe 25 Novemba, saa tatu na robo asubuhi, Alwyn Garside aliingia kituo cha polisi cha Skelby. Ofisa wa zamu aliandika kwenye daftari kwamba mzee huyo alikaa kwenye benchi dakika arobaini, akapewa kalamu na karatasi asizozigusa, akafungua mdomo mara kadhaa, akakohoa, kisha akaondoka bila kutoa maelezo.