Masikio ya Tunu Yanawaka Moto

Sogeeni, wanangu. Leo kuna hadithi yenye hasira, na mwenye hasira mwenyewe ni mdogo tu.

Anaitwa Tunu. Anakaa Muheza na Baba na Mama.

Sebuleni kwao kuna kompyuta. Mama ameifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, vumbi lisiingie.

Ndani ya kompyuta kuna wimbo wa Bibi. Bibi alifariki mwaka jana, lakini Baba aliwahi kumrekodi akiimba.

Kila siku kabla ya kulala, Tunu hufunua kitambaa. Hubonyeza, na Bibi huimba:

"Kuku wamelala, mbuzi wamelala,
Tunu naye afumbe macho."

Ndani ya kompyuta kuna mlinzi pia. Si mtu. Ni programu inayofukuza programu mbaya, na Baba huiita Mlinzi.

Mlinzi ana ombi. Ti-ting! "Naomba kusasishwa, niwajue wezi wapya. Sasa au baadaye?"

"Baadaye," anasema Baba. Tik!

Kesho yake tena. Ti-ting! "Sasa au baadaye?"

"Baadaye, baadaye," anasema Baba. Tik!

Jumapili akaja Shangazi Zaina, dada yake Baba. "Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu!" wakaitikia wote.

Kwa kina Tunu haingii mtu kimya kimya. Mama husema, "Bila hodi, hakuna karibu!"

Shangazi alileta vitumbua. Alileta pia flashi yenye picha za harusi. Flashi hiyo ilikuwa imezunguka mtaa mzima, nyumba hadi nyumba, kila mtu apate picha zake.

Shangazi alipiga hodi. Flashi haikupiga hodi. Baba akaichomeka tu kwenye kompyuta. Chwap!

Wakamtazama bibi harusi. Wakacheka, wakala vitumbua vyote.

Jioni Tunu akautafuta wimbo wa Bibi. Haupo. Akatafuta juu, akatafuta chini. Haupo!

Badala yake kikatokea kisanduku chekundu. Tunu akasoma polepole: "HONGERA! UMESHINDA ZAWADI! BONYEZA HAPA!"

Kidole chake kikasogea, kikasogea…

"Usibonyeze!" Mama akapaza sauti. "Huyo mwongo! Zawadi gani, na sisi hatukushindana na mtu?"

Baba akachungulia. Akashika kichwa. "Kuna kirusi," akasema. "Kimeingia na flashi."

"Kirusi ni mdudu?" akauliza Tunu.

"Hapana. Ni programu mbaya. Inaficha vitu vyetu, inaiba, inaharibu."

"Imejitengeneza yenyewe?"

"Hapana. Kuna mtu ameitengeneza. Kwa makusudi."

Kwa makusudi! Tunu akapiga mguu chini. Du! Du! Du!

"Nimekasirika! Nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto!"

Hata mimi ninayesimulia nimekasirika. Mtu mzima anakaa kwenye kiti, anatengeneza kitu cha kumliza mtoto? Hana haya!

Tunu akamgeukia Shangazi. "Wewe ndiye umetuletea kirusi!"

"Wallahi sikujua, mwanangu," akasema Shangazi. "Hata mimi picha zangu zimepotea. Nikadhani nimezifuta mwenyewe."

Tunu akamgeukia Baba. "Na Mlinzi alikuwa wapi?"

Baba akatazama miguu yake. "Mlinzi aliniomba nimsasishe. Mimi nikasema baadaye."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Du! Du! Du! "Nimekasirika! Nimekasirika mpaka masikio yanawaka moto!"

"Una haki," akasema Baba. "Nisamehe, Tunu. Nitamsasisha."

"Lini?"

"Baada…" akaanza Baba.

"SASA!" wakasema Tunu, Mama na Shangazi kwa pamoja.

Baba akachomoa flashi haraka. Akabonyeza "Sasa". Tik!

Wakangoja. Wakangoja tena. Mtandao nao ulikuwa unatambaa tu.

Hatimaye Mlinzi akapata nguvu mpya. Akaanza kupekua. Kru, kru, kru. Akapekua huku, akapekua kule. Kru, kru, kru.

Ti-ting! Kirusi kimeonekana!

Tunu akasimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni. "Wewe! Hukupiga hodi! Bila hodi, hakuna karibu! Toka!"

Baba akabonyeza "Futa". Pwaa! Kirusi kikafutika.

"Na Bibi?" akauliza Tunu. Sauti yake ilikuwa ndogo sana sasa.

Baba akatafuta. Akatafuta tena. "Kilikuwa kimeuficha," akasema. "Huu hapa."

"Kuku wamelala, mbuzi wamelala…"

Bibi huyo! Mama akajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Mama akatoa flashi mpya kabatini. Baba akanakili wimbo wa Bibi humo, na Tunu akaiweka ndani ya kopo la vifungo la Bibi.

"Kirusi kingine kikija," akasema Tunu, "hakitaupata huu."

Mlinzi akaisafisha na flashi ya Shangazi pia. "Kesho napita nyumba zote za mtaa," akasema Shangazi. "Nitawaambia flashi ikaguliwe kwanza. Nayo ipige hodi!"

Tunu akapanda kitandani. Mama akamgusa masikio.

"Hili limepoa," akasema Mama. "Lakini hili jingine bado lina moto."

"La kwanza lilikuwa la Baba na Shangazi," akasema Tunu. "Nimewasamehe."

"Na hili?"

"Hili ni la yule aliyetengeneza kirusi."

Mama akafikiri kidogo. "Basi hilo liache liwake," akasema.

Akamfunika shuka. Sebuleni, Baba akabonyeza. Tik!

"Kuku wamelala, mbuzi wamelala,
Tunu naye afumbe macho."

Na Tunu akafumba macho, sikio moja la baridi, sikio moja la moto.