Kengele ya Kryštof

"Sogeeni karibu! Mbona mmesimama kama nguzo za umeme?"

Mama Jarmila alikuwa ameinua simu, jicho moja amelifumba, tayari kupiga picha ambayo Ostrava nzima, mji wao, ingeonyeshwa. Mbele yake, chini ya mcheri uliochanua kwenye kilima cha Petřín, walisimama binti yake Vendula na Radim, daktari wa meno, mtoto wa jirani aliyealikwa kwenye likizo yao ya Praha "kwa bahati tu." Nyuma yao foleni ya wapendanao ilifika hadi njiani. Ilikuwa Mei Mosi, na msichana asiyebusiwa chini ya mti wenye maua siku hiyo, wanasema, hunyauka mwaka mzima.

"Jarmila, waache watoto wapumue," alisema Baba, mdomo umejaa mkate na nyama ya kukaanga.

"Wewe tafuna! Radim, mwanangu, usiogope. Haumi huyo."

Radim akainama. Vendula akafumba macho. Alijua busu hili, mbele ya wazazi, lilikuwa uchumba tayari. Lakini asubuhi ile, ndani ya tramu, alikuwa ameyaona macho ya Kryštof kwenye kioo cha dereva. Kryštof wake, aliyehamia Praha miaka miwili iliyopita kisha akanyamaza kama maji mtungini. Aliposhuka, Vendula alimtumia ujumbe: "Ni wewe?"

"Chyaa!" Radim akapiga chafya. "Samahani. Haya maua..."

Simu ya Vendula ikatetemeka.

"Ni mimi. Hongera kwa ndoa yako. Mama yako aliponiambia niliumia, lakini sikutaka kukusumbua."

Akausoma tena. Damu ikampanda usoni.

"Mama. Ndoa gani?"

Simu ya Mama ikashuka taratibu.

"Vendula, watu wanasubiri..."

"Ulimwambia Kryštof nimeolewa?"

"Angekuchukua akulete huku!" Sauti ya Mama ilipasuka. "Nina mtoto mmoja tu. Ningebaki na nani? Na huyu baba yako anayetafuna?"

Baba akaacha kutafuna.

Bibi Ludmila, mama yake Baba, akainuka kwenye benchi na fimbo yake.

"Jarmila, mimi nilikupa mwanangu nikiwa na mmoja huyohuyo. Nilikufa?"

Vidole vya Vendula vilikuwa vinakimbia: "Sijaolewa! Uko wapi?"

"Nipo kituoni, nageuza tramu. Nitapita hapo chini ya Petřín. Njoo!"

"Nenda," alisema Radim, akipangusa pua. "Hata mimi, kusema kweli, mama ndiye aliyenipangia nguo za safari hii."

Vendula akateremka mbio. Bibi alikuwa nyuma yake, fimbo kaibeba kwapani.

"Bibi, magoti yako!"

"Magoti nitayauguza kesho!"

Waliingia kwenye tramu mlango ukikaribia kufungwa. Nyuma ya kioo cha dereva Kryštof aligeuka, akamwona, akapauka. Tangazo lilikuwa juu ya kichwa chake: ni marufuku kuzungumza na dereva. Tramu ikaondoka.

Vendula alisimama pale pale, akilitazama tangazo. Bibi akaketi kiti cha mbele na kukigeukia kiti cha jirani kilichokuwa kitupu.

"Wewe kiti," alisema kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, "unajua mjukuu wangu hajaolewa? Hajaolewa kabisa!"

"Mama mzee, usimzungumzishe dereva," abiria mmoja alimwonya.

"Nimemgusa? Nazungumza na kiti. Haya, kiti, na kuna kijana mmoja mjinga, alisikia uongo akauamini bila kumuuliza mwenyewe. Bado anampenda?"

Ding!

Kengele ya dereva ililia, na abiria wote wakageuka.

"Ana mwingine?" Vendula aliuliza, akikitazama kiti, sauti nyembamba kama uzi.

Kimya. Hakuna kengele. Abiria wakaangua kicheko, na yule aliyeonya akasogea mbele.

"Kiulize kama atambusu kabla jua halijazama!"

Ding! Ding! Ding!

Mwisho wa njia, nyuma ya kibanda cha madereva, palikuwa na mcheri mmoja mkongwe, nusu ya maua yake yameshaanguka. Kryštof aliruka chini mara tu tramu iliposimama.

"Vendula, ilinipasa nikuulize wewe. Nilikuwa mjinga."

"Kiti kimeshaniambia."

Alicheka huku analia. Kryštof akamsogelea, kisha akasita, maana tramu iliyofuata ilikuwa imeingia, na Mama alishuka akihema, Baba na Radim nyuma yake. Mama akaja hadi mbele yao.

"Mwanangu, nilikosea. Na wewe Kryštof, nilikukosea zaidi." Akafuta macho. "Praha si mbali sana, eti?"

"Treni zipo, mama," alisema Kryštof. "Chumba cha wageni pia kipo."

Mama akainua simu. Jicho moja akalifumba.

"Basi sogeeni karibu! Mbona mmesimama kama nguzo za umeme?"