Kwa Chatu au Kwa Bata

Kila siku akitoka shule, Nyundo alipitia kwenye karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la bati, na sakafu ilijaa maranda mpaka miguu ikazama. Baba yake alikuwa seremala wa samani za watoto: viti vya chekechea, meza fupi, vitanda vidogo vyenye kingo. Jina la Nyundo alilipata humo humo. Akitaka kitu hakuomba mara moja akanyamaza. Aligonga, akagonga tena, mpaka msumari ukaingia.

Kazi yake ilikuwa kupiga msasa miguu ya viti. Alipomaliza, baba yake alifanya jambo ambalo wateja wengi walilichekea. Alipiga magoti, mtu mzima na kitambi chake, akakitazama kiti kutoka chini, akapitisha kiganja kila mahali, hata uvunguni.

"Baba, si umeshakitazama ukiwa umesimama?" Nyundo aliwahi kumwuliza.

"Kiti hiki sikikalii mimi," baba yake alijibu. "Atakikalia mtu anayenifika kiunoni. Nikisimama naona kiti kizuri. Nikipiga magoti naona msumari unaomsubiri yeye."

Nyundo alilisikia hilo mara nyingi hata akaacha kulisikia.

Mwezi huo nyumbani kwao kulikuwa na habari moja tu, nayo ilikuwa safari. Mama yao alikuwa muuguzi, na Jumapili zake nyingi ziliishia wodini. Safari hii alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akapata Jumapili moja nzima. Baba naye angefunga karakana. Siku hiyo ikipita, isingepatikana nyingine mpaka mwaka uishe. Wangekwenda wote watano kwenye bustani ya michezo: baba, mama, Nyundo, mdogo wake wa kiume na Kitinda, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia bila kuanguka. Huyo wa kiume walimwita Kwanini. Ukikaa naye kwa muda wa kunywa chai utajua sababu.

Shida ilikuwa moja. Mji ulikuwa na bustani mbili. Mpya ilikuwa ng'ambo ya daraja, yenye treni ya kupanda juu angani, kujikunja na kuporomoka huku watu wakipiga mayowe. Treni hiyo iliitwa Chatu, na bustani nzima ikaitwa Kwa Chatu. Ya zamani ilikuwa nyuma ya uwanja wa mpira. Iliitwa Kwa Bata, kwa sababu ya mabata wawili wa saruji waliosimama langoni, mmoja wao hana mdomo.

Darasani, Nyundo hakuwa na amani. Mwenzake mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzima, alikuwa amempanda Chatu wakati wa likizo, na dunia nzima ilijua.

"Hujampanda Chatu mpaka leo?" Redio alimwambia mbele ya watu. "Basi nenda Kwa Bata. Mlangoni wanagawa nepi."

Darasa lilicheka. Nyundo alicheka pia, lakini moyoni aliapa. Lazima ampande Chatu.

Bahati ikamwangukia mikononi. Jioni hiyo baba yake alifuta vumbi la mbao usoni, akasema, "Mimi sina nafasi ya kuzunguka. Kesho mjomba wako anapeleka viti upande wa huko. Nenda naye ukazikague bustani zote mbili. Utakalosema ndilo tutakalofanya. Ila usisahau, tuna wadogo wawili."

"Sawa, baba."

"Wawili," mama aliongeza, huku akimfuta Kitinda kamasi.

Siku ya pili mjomba alimpakia Nyundo kwenye gari lake la mizigo. Alikuwa mtu wa masihara, asiyeweza kupita kwenye kona bila kuitolea maneno. "Karibu, mheshimiwa mkaguzi. Ukiona sina adabu, niandikie barua ya onyo."

Walianza Kwa Chatu. Langoni palisimama ubao wenye mstari mwekundu. Asiyeufikia mstari hapandi. Nyundo alijipima, akauvuka kwa upana wa kidole, akashusha pumzi. Kwanini alimfika yeye kiwikoni tu. Hilo alilijua pale pale, wala hakuhitaji hesabu. Ndani alitafuta michezo ya wadogo, akaona farasi wa kuzunguka waliofunikwa turubai, mashine yao imekufa. Kando yao, juani, mvulana mdogo alikaa kwenye benchi akilinda mikoba ya familia yake. Alilia mpaka akachoka, akabaki kukwaruza benchi kwa ukucha.

Nyundo alimwona vizuri. Halafu Chatu alipita juu kwa kishindo, naye akageuza uso kutazama juu.

Walipofika Kwa Bata hakushuka hata garini. Alichungulia dirishani, akaona majani yaliyopangwa kama ukuta, bwawa dogo, na reli nyembamba kama ya mchezo. "Twende, mjomba. Nimeshaona."

"Mkaguzi wa kutazama kwa dirisha!" mjomba alisema. "Haya, kazi ni yako."

Jioni, wote wakiwa mezani, baba aliuliza, "Enhe, mkaguzi?"

"Twende Kwa Chatu," Nyundo alisema. "Michezo ipo mingi. Na ya wadogo ipo."

"Ulipiga magoti?"

"Ndiyo, baba."

Maneno mawili tu, akayasema akitazama sahani yake. Kwanini hakumpa nafasi ya kujutia. "Dada, mimi nitampanda Chatu? Kwa nini anaitwa Chatu? Nitakaa na wewe? Kuna mstari? Redio kasema kuna mstari!"

Nyundo alitaka anyamaze. "Utampanda. Ukikua kidogo tu, utaufikia."

Kumwambia mtoto kama Kwanini jambo la namna hiyo ni kuwasha moto ukaondoka. Kuanzia siku hiyo alimaliza chakula chote, na cha Kitinda akakisogelea. Alilala amenyoosha miguu. Kila asubuhi alikuja kusimama kando ya Nyundo, akagusa kiwiko chake kwa kichwa, akauliza, "Nimekaribia?" Nyundo akasema, "Unakaribia," huku akitafuta viatu ambavyo tayari alikuwa amevivaa.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku mbili tu, Nyundo aliporudi nyumbani alimkuta mama kibarazani na sindano. Kwanini alikuwa amekunja uso, viganja vyake vyekundu, vimechomwa vibanzi vya mbao kama nungunungu. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti hataki kuitoa.

"Nimemwuliza amefanya nini, hataki kusema," mama alisema. "Mtoto wa maswali leo hana jibu!"

"Ni siri yangu na dada," Kwanini alisema.

Baba alitokea nyuma, ameshika kofia mkononi. "Siri gani? Nimemkuta karakanani ananing'inia kwenye rafu ya mbao mbichi. Nikamwambia ashuke, akasema bado hajarefuka."

Nyundo alivitazama viganja vile. Akamkumbuka mvulana wa benchini. Aliona mbele yake Jumapili yenyewe: Kwanini anatembea kifua mbele mpaka kwenye ubao, mlinzi anamwekea mkono kichwani na kumrudisha nyuma, watu wote wanatazama. Angenyamaza, angempanda Chatu. Nyumbani hakuna aliyekuwa anajua. Ilikuwa afumbe mdomo kwa siku mbili tu.

"Nilidanganya," alisema.

Mama alisimamisha sindano.

"Kwa Chatu hakuna kitu cha wadogo. Farasi ni wabovu. Kwanini hawezi kuufikia mstari hata akining'inia mwaka mzima. Sikupiga magoti. Kwa Bata sikushuka hata garini." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Nisamehe. Hukaribii. Nilikuwa nakudanganya kila asubuhi."

Kwanini alivitazama viganja vyake. "Kwa nini?" aliuliza. Kati ya maswali yake yote, hilo ndilo lililomliza Nyundo.

Baba hakupiga kelele. Alivaa kofia, akaivua tena. "Kiti kibovu kikishatoka karakanani, nafanyaje?"

"Unakirudisha."

"Basi kirudishe. Kesho mjomba anapita huko. Safari hii uchafue magoti."

Jumamosi asubuhi Nyundo aliingia Kwa Bata kwa miguu yake. Alipowapita mabata wa saruji alitazama huku na huko, akapiga magoti, akaanza kutambaa. Watu walimcheka. Mjomba alijifanya hamjui.

Hapo ndipo bustani ilipobadilika. Ukuta wa majani, aliouona wa kawaida kutoka dirishani, ulikuwa na njia nyembamba chini yake, pango la kijani lenye kona na vituo, ambalo mtu mrefu hawezi kuingia wala kulijua. Ukuta wa bwawa ulikuwa na madirisha madogo ya kioo karibu na ardhi. Nyundo aliweka uso kwenye moja, na samaki mkubwa wa rangi ya chungwa akaja kumtazama jicho kwa jicho. Watu wazima walipita wakiongea juu ya kichwa chake, hawana habari. Na treni ya ile reli iliyoonekana kama ya mchezo, kutoka chini ilikuwa treni kweli, yenye magurudumu yanayomfika kifuani mtu aliyepiga magoti.

"Umepoteza hereni, binti?"

Juu yake alisimama mwanamke mwenye ovaroli la bluu na spana mfukoni. Huyo alikuwa fundi wa treni.

"Sijapoteza kitu, mama. Natazama anachokiona mdogo wangu." Nyundo alikuwa amepitisha kiganja chini ya kiti cha behewa, kama baba yake. Mkono ukasimama. "Na hapa pana skrubu imetokeza. Ukisimama huioni. Itamchana mtoto goti."

Fundi alikunja uso. Kisha naye akapiga magoti, moja baada ya jingine, yakilia kama bawaba kavu. Akapapasa. "Loo! Napita hapa kila siku." Akatoa spana, akaikaza pale pale. "Nani kakufundisha hivi?"

"Baba. Ila nilikuwa sijamsikiliza."

Fundi alicheka mpaka akashika behewa. "Mnakuja lini?"

"Kesho. Wote."

"Basi kesho njoo kwangu mapema. Nahitaji mtu wa kengele."

Nyundo alirudi nyumbani akiwa na magoti meusi kama makaa. Baba aliyatazama kwanza magoti, halafu uso, akasema, "Basi ni Kwa Bata."

Jumapili ile ilikuwa siku ya kukumbukwa. Kwanini aliingia kwenye pango la majani, wakawa wanasikia maswali yake tu yakitembea chini ya majani. Alimkuta yule samaki wa chungwa, akamhoji mpaka samaki akaondoka. Kitinda alikataa kutoka kwenye dirisha lake. Alilipiga busu, akaliacha limejaa mate. Mama, ambaye kwa miezi alikuwa hajakaa chini mchana, alilala chali kwenye nyasi, akacheka peke yake.

Na kwenye treni, mbele kabisa, kamba ya kengele ilikuwa mkononi mwa Nyundo. Treni haikuondoka mpaka yeye atake. Alipita behewa kwa behewa akihakikisha wadogo wameshika. Katika behewa la mwisho alikuta uso anaoufahamu, umejificha nyuma ya bega la bibi yake.

"Redio!"

"Nimemleta mdogo wangu tu," Redio alisema haraka.

"Amekulazimisha kukaa dirishani?" bibi yake alimwuliza. "Si wewe uliyemsukuma ili ukae hapo!"

Nyundo alijitahidi asicheke, akashindwa. "Shika vizuri, mheshimiwa. Nepi zimeisha." Akavuta kengele, ikalia bustani nzima. Kwanini, aliyekaa kando ya fundi kama naibu wake, alipiga kelele kwa furaha, na treni ikaondoka kupita katikati ya maua.

Jioni walitembea polepole kuelekea kituo cha basi. Kitinda alikuwa amelala begani kwa baba. Kwanini alisimama ghafla, akagusa kiwiko cha dada yake kwa kichwa.

"Dada, nimekaribia?"

"Bado sana," Nyundo alisema. "Utachelewa."

"Sawa," alisema, akatangulia mbele akiruka ruka.

Baba alimsubiri Nyundo wakawa sawa. "Sikiliza, mwanangu. Mkubwa akidanganya, mara nyingi anayeumia ni mfupi kuliko yeye. Hana pa kulalamikia. Atadhani kosa ni lake, atakwenda kuning'inia kwenye mbao. Ukipewa kumchagulia mtu, acha unachokitaka wewe, shuka mpaka alipo, utazame kutoka hapo. Ijumaa ulipofungua mdomo ulidhani umeipoteza safari. Leo hii yote tumeipata pale."

"Na Chatu je?" Nyundo aliuliza. Nyundo ni nyundo.

"Chatu hana miguu, atakwenda wapi?" mama alidakia kutoka nyuma. "Mwaka ukiisha, mimi na wewe tutampanda. Baba yenu atashika mikoba."

"Mimi?" baba alisema. "Niko tayari. Benchi nitaikagua kwanza."