Mwitikio wa Tatu

Asiyetaka kusikia na akamenye vitunguu, atupishe.

Harufu ya udi ilianza kutoka ndani ya friji. Si chetezoni, ndani ya friji, baina ya nyama na mtindi. Tabia, mpishi wa ukumbi mmoja wa harusi pale Mayfair, huku ugenini kusini, alifungua mlango akaganda, sufuria mkononi. Udi ule aliujua. Ulikuwa wa Khatibu, na Khatibu alikuwa na siku arobaini kaburini.

Khatibu alikuwa mwimbaji, mtu wa Tanga kama Tabia mwenyewe. Si wa kurukaruka na kuvua shati. Alisimama wima, kanzu imepigwa pasi, akatoa sauti laini inayoteremka kifuani kama asali. Miaka kumi na moja aliimba ukumbini humo, na miaka kumi na moja watu walimpa mgongo wakigombea mapaja ya kuku. Wali ukitoka tu, Mahmoud, mwenye ukumbi, humwendea akamwambia sikioni, "Punguza sauti, watu wanakula."

Walichokuwa hawakijui ni kwamba Khatibu alirithi jini kwa bibi yake. Kabla ya kuimba alifukiza udi kumwita, na wimbo wa mwisho ulikuwa wa kumrudisha. Mwimbaji hubisha, "Hodi nimebisha, nani kanisikia?" Wasikilizaji huitikia mara tatu, "Tumekusikia, rudi kwa salama." Bila mwitikio, jini haondoki. Katika ukumbi mzima hakuna aliyeitikia hata siku moja, midomo imejaa pilau. Aliyeitikia ni Tabia huko jikoni, mikono ndani ya povu la vyombo, mara tatu, kila Jumamosi. Khatibu akipita mlangoni humwambia, "Ahsante, dada yangu," basi.

Akafa. Na mtu akifa ndipo hupata ndugu. Mahmoud alimwita ndugu yake, akatundika picha yake ukutani, kubwa kama mlango, akaalika watu hata wa mbali huko Randburg waje kwenye arobaini, magari yakapangana mpaka kwenye robot, penye taa za barabarani. Kisomo kilipokwisha na maalimu kuondoka, wakaanza kupokezana kipaza sauti. Kila mmoja akimlilia kipenzi chake. Mmoja alikosea jina akamwita Habibu, na wenzake wakapangusa machozi vilevile. Hata Bushra, binti yake Tabia, alisukumwa mbele akasema eti alizipenda sana nyimbo zake. Tabia alisonya mpaka paka akatoka jikoni.

Kisha Mahmoud akawasha video ya harusi moja ya zamani, ili waone jinsi alivyomlea msanii. Khatibu akaonekana, akaimba, akafika penye hodi. Hapo video ikaruka ikaenda kwenye sinia za biriani, maana mpiga video naye alikuwa na njaa.

Hodi imebishwa, na nyumba nzima kimya, hata jikoni.

Udi ule wa kwenye friji ukaingia ukumbini, mzito, bila moshi, ukapita chini ya meza na juu ya vilemba na ndani ya pua za watoto, na taa zikafifia mchana ule wa jua kali, na Mahmoud aliyekuwa amesimama akitabasamu chini ya picha akafumba mdomo, na huku mdomo umefumbwa sauti ya Khatibu ikaanza kumtoka kifuani, tamu kuliko alivyokuwa hai, ikimwendea mgeni mmoja baada ya mwingine na kumuuliza nani kanisikia, na kila aliyejidai rafiki akifungua kinywa hakitoki kitu, wala neno wala pumzi ya kukohoa, mpaka ikamfikia Bushra, naye akajishika shingo akatumbua macho.

Tabia alitoka jikoni mikono inachuruzika povu.

"Tumekusikia, rudi kwa salama."

Bushra akavuta pumzi. "Eish, mama," akanong'ona, "mama, tuondoke."

Sauti ikabisha tena. Tabia akawatazama wale wageni, macho yamewatoka kama samaki wa kwenye barafu. Akawatolea mwitikio wa pili, kwa kuwahurumia watoto wao tu. Wakakohoa wote kwa pamoja, wakakimbilia mlangoni, viatu wakaviacha.

Ikabisha mara ya tatu. Akabaki Mahmoud, machozi yanamdondoka kwenye koti. Safari hii ya kweli.

"Huyu si ulisema ni ndugu yako?" Tabia alimwambia polepole. "Basi mwitikie wewe."

Akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Mpaka leo jini hajaondoka, na Mahmoud hana sauti yake mwenyewe. Kila Jumamosi, wali ukitoka, kifua chake huimba, vizuri mno, na watu humpa mgongo wakila. Akifika penye hodi hujikokota hadi mlango wa jikoni, akamtazama Tabia kwa macho ya kuomba.

Tabia hufuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Punguza sauti, baba," humwambia. "Watu wanakula."